Sarafu Yenye Herufi Mbili: Ni Mali au Kasoro Tu?

Juma hili nataka tuzungumze habari za sarafu, tena sarafu za mbali, za Marekani. Huenda mmoja wenu atasema, "Sisi na senti za Marekani tuna nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Jamaa zetu wengi huenda ng'ambo kusoma na kufanya kazi, na warudipo hurudi na vifedha vidogo mifukoni. Wageni nao huviacha. Vifedha hivyo hutiwa mkebeni, watoto huvichezea, mpaka siku moja atokee mtu aseme, "Hii ni mali!" Hapo ndipo mambo huanza.

Jioni moja kijana wa jirani yangu alifika barazani kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakuketi. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaikunjua polepole kama mtu anayefungua dawa. Ndani mlikuwa na senti moja ya Marekani, nyekundu, ya mwaka 1969, yenye sura ya Rais Lincoln. Chini ya mwaka palikuwa na herufi ndogo S. Akaniambia kwamba rafiki yake amepata mkebe wa sarafu za marehemu mjomba wake aliyekuwa baharia, na kwamba hii ni ile senti mashuhuri yenye maandishi mawili mawili, ambayo huko Marekani huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Rafiki yake alitaka fedha upesi, hivyo alikubali kumwuzia kwa bei ndogo.

"Bei ndogo kiasi gani?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. Kumbe bei ile ilikuwa sawasawa na ada ya shule ya dada yake ya muhula mzima, na ada hiyo ilikuwa katika mfuko wake wa pili. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili juma lile lile, akampa fedha azipeleke shuleni asubuhi. Kijana alifikiri atanunua senti, ataiuza, atalipa ada, na mbuzi watarudi zizini wakiwa kundi.

Nikachukua kioo changu cha kukuzia, nikawasha taa, nikaitazama senti ile. Ni kweli, tarakimu za 1969 zilionekana mbili mbili. Na ile S nayo ilionekana mbili. Kabla sijawaambia nilivyomjibu, yafaa kwanza tuelewe sarafu hutengenezwaje. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

ALAMA YA KIWANDA

Nchi yenye kiwanda zaidi ya kimoja cha kupigia fedha hupenda kujua kila sarafu imetoka wapi. Kwa hiyo hutia herufi ndogo, na herufi hiyo ndiyo alama ya kiwanda. Jambo hili si geni kwetu. Wazee wanaokumbuka fedha za Afrika ya Mashariki za zamani, zile senti zenye tundu katikati na shilingi zenye simba, wanaweza kutafuta herufi hizo leo kama bado wanazo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, Uingereza. KN ni King's Norton, karibu na hapo hapo. I ni Bombay, Bara Hindi. SA ni Pretoria, Afrika ya Kusini. Wakati wa vita vya pili vya dunia, viwanda vya Bombay na Pretoria vilisaidia kutupigia fedha.

Na kabla ya hapo, zamani za Wadachi, fedha zetu zilikuwa na A ya Berlin au J ya Hamburg. Kisha mwaka 1916, vita ilipokuwa imezuia meli, zilipigwa fedha pale pale Tabora, nazo zikatiwa herufi T. Fedha ile ndogo iliitwa heller, na ndiyo iliyotuachia neno "hela" tunalolitumia mpaka leo.

Huko Marekani, D ni mji wa Denver na S ni San Francisco. Kiwanda kikuu cha Philadelphia kwa miaka mingi hakikutia herufi yo yote katika senti zake. Zamani palikuwa na viwanda vingine pia, kama New Orleans wenye herufi O na Carson City wenye CC. Basi D na S hasa ndizo herufi zinazowasumbua watu, maana mara nyingine huonekana mbili mahali pa moja.

KOSA LA KALIBU

Wengi wetu tumepata kufyatua matofali, au walau kuwaona wafyatuao. Fikiri una kalibu ya mbao, na ndani yake umechonga herufi ya kwanza ya jina lako. Kila tofali litakalotoka litakuwa na herufi hiyo. Sasa kama ulipochonga mara ya kwanza herufi ilikwenda upande, ukachonga tena pembeni kidogo bila kuiziba ile ya kwanza, matofali yako yote yatakuwa na herufi mbili. La kwanza litakuwa nazo, la mia litakuwa nazo. Kosa limo katika kalibu.

Sarafu nayo ina kalibu yake, yaani muhuri wa chuma kigumu sana. Sarafu moja hupigwa kwa mihuri miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Maandishi yake yamebonyea ndani, tena yamegeuzwa kama maandishi yanavyoonekana katika kioo. Kipande cha madini huwekwa katikati, mashine hubana kwa nguvu nyingi, na mahali palipobonyea katika muhuri huwa ni mahali palipoinuka katika sarafu.

Miaka ile mihuri ya viwanda vyote vya Marekani ilitengenezwa Philadelphia. Sura, maneno na kwa kawaida mwaka viliingizwa katika muhuri kwa pamoja, kwa kukandamizwa na chuma kikubwa chenye picha yote. Lakini herufi ya kiwanda haikuwamo katika picha ile. Ilitiwa mwishoni, kwa mkono. Fundi alishika kijiti cha chuma chenye D au S nchani, akakisimamisha mahali pake, akapiga kwa nyundo. Kama pigo la kwanza lilikuwa hafifu, au herufi ilikaa vibaya, alipiga tena. Na mkono wa binadamu haurudi mahali pale pale kila mara. Ndivyo muhuri ulivyopata herufi mbili, na sarafu zote zilizotoka katika muhuri huo zikazaliwa nazo.

Mifano ipo mingi. Senti ya mwaka 1909 ya San Francisco ina aina moja ambayo S ya kwanza ilipigwa ikiwa imelala ubavu, kisha ya pili ikapigwa imesimama juu yake. Senti ya mwaka 1944 ya Denver ina aina yenye S chini ya D. Na sarafu ya senti tano ya mwaka 1938, ile yenye picha ya nyati wa Marekani, ina habari nzuri. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwa sarafu ya nyati, na Denver peke yake ndiyo iliyoipiga. Palikuwa na mihuri iliyokwisha kutiwa S kwa ajili ya San Francisco. Chuma kizuri kisitupwe! Wakapiga D juu ya S, wakaitumia. Sarafu hizo zikatembea mikononi mwa watu, na aina hiyo haikutangazwa kwa wakusanyaji mpaka mwaka 1962, yaani miaka 24 baadaye.

Hizi ndizo herufi mbili za kweli. Ni alama ya kazi ya fundi, nayo imo katika muhuri wenyewe. Wakusanyaji huzipenda na huzitolea fedha, ingawa nyingi kati yake huzidi thamani ya kawaida kidogo tu.

KOSA LA MKONO

Turudi kwenye matofali. Safari hii kalibu yako ni nzuri, herufi yake moja tu. Lakini ulipokuwa ukiinua kalibu, mkono ulitikisika, ukingo ukaukwaruza udongo mbichi. Herufi ikasukumwa upande, ikaacha kama ngazi ndogo. Ukitazama kwa mbali utasema ziko herufi mbili. Hapana, ni moja iliyokwaruzwa. Tena tofali linalofuata huenda likatoka safi kabisa.

Mashine ya fedha nayo hufanya hivyo. Hupiga zaidi ya mara mia kwa dakika moja, na ikiwa muhuri haukukazwa sawasawa, hucheza. Muhuri hushuka, hupiga, kisha kabla haujaondoka huteleza au huruka kidogo na kugusa tena sarafu ambayo imekwisha kupata maandishi yake. Kingo za herufi zilizoinuka hubanwa chini na kusukumwa upande mmoja. Hakuna kilichoongezwa. Kuna kilichoharibiwa.

Hayo ndiyo maandishi mawili ya mashine. Ni ya kawaida sana, yamo katika sarafu zisizo na idadi, na wakusanyaji wanaojua kazi yao hawayatolei hata senti moja ya ziada.

NAMNA YA KUPAMBANUA

Sasa chukua kioo kinachokuza mara kumi, hicho chatosha. Keti penye taa moja, maana taa mbili huleta vivuli viwili na kukudanganya. Shika sarafu kwa ukingo, uizungushe polepole chini ya mwanga. Kisha tazama mambo haya.

La kwanza ni unene wa herufi. Mashine hula herufi. Ukiona D yenyewe imekonda, na kando yake pana ukanda uliobonyea, ujue ukanda ule ulikuwa sehemu ya D hiyo hiyo. Pima kwa macho D iliyobaki pamoja na ukanda wake: mara nyingi utaona vyote viwili vina upana wa karibu sawa na D nzima moja. Lakini herufi iliyopigwa mara mbili na fundi huwa nzima, na ile ya pili imeongezwa juu ya huo uzima wake. Herufi hupata mwili, haipungui.

La pili ni umbo la ile sehemu ya ziada. Ya mashine ni bapa, imelala chini karibu na uso wa sarafu kama kidato cha ngazi. Ukiizungusha, humeta mara moja kama ubapa wa panga lililonolewa. Ya fundi ina mgongo wa mviringo kama herufi yenyewe, hata kama ni nyembamba au imejificha nusu.

La tatu ni ncha za herufi. D na S zina vikono vidogo penye pembe. Herufi ikipigwa mara mbili kweli, vikono vile hugawanyika, pakawa na kijipengo katikati kama mkia wa mbayuwayu. Katika maandishi ya mashine hakuna kijipengo hicho. Pembe husukumwa tu pamoja na ukingo mwingine.

La nne, tazama ndani ya herufi. Tumbo la D ni tupu. Ukiona ndani yake mstari uliosimama au kipande cha tao, huenda D nyingine imelala chini. Kadhalika vitundu vya S. Mkono wa fundi waweza kukosea kwa njia yo yote, juu, chini, kuinama, hata kulaza herufi ubavu. Mashine husukuma upande mmoja tu, tena umbali mfupi.

La tano, tazama majirani wa herufi. Fundi alipopiga D hakugusa mwaka wala maneno. Basi ukiona D ni mbili, na tarakimu za mwaka nazo ni mbili kwa upande huo huo na kwa ubapa ule ule, mshitakiwa ni mashine. Lakini angalia hapa usiteleze: si kweli kwamba herufi ikiwa mbili peke yake basi lazima ni kazi ya fundi. Herufi ya kiwanda mara nyingi ilipigwa kwa kina katika muhuri, hivyo katika sarafu imeinuka kuliko maandishi mengine, na inaweza kukwaruzwa yenyewe tu wakati mwaka umesalimika. Kwa hiyo majirani wakiwa na alama ile ile, kesi imekwisha. Majirani wakiwa safi, kesi inaendelea. Rudi kwenye ubapa na ncha.

La sita ni mwaka wenyewe. Wamarekani waliacha kutia herufi ya kiwanda kwa mkono katika kila muhuri. Senti moja na senti tano ziliachwa mwaka 1990, na nyingine mwaka 1991. Herufi ikaingizwa pamoja na picha yote tangu mwanzo. Basi ukiletewa senti ya mwaka 1995 ukaambiwa ina D mbili zilizopigwa na fundi, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Na fedha za miaka ya 1965, 1966 na 1967 hazikutiwa herufi ya kiwanda kabisa. Anayekuuzia ya 1966 yenye herufi mbili anakuuzia hadithi.

WADANGANYIFU WENGINE

Mashine siyo peke yake idanganyayo. Muhuri uliotumika mno huchakaa, na kingo za herufi zake hupanuka na kufanya kama kivuli. Herufi huonekana nene na imefifia, haina ncha kali. Huo ni uzee wa muhuri tu.

Tena tangu mwaka 1982 senti ya Marekani iligeuka. Zamani ilikuwa karibu yote shaba. Sasa ndani ni zinki, na shaba ni ngozi nyembamba juu yake. Mara nyingine ngozi hiyo hupasuka kando ya herufi inapopigwa, na zinki huonekana kama mstari wa kijivu unaofuata D. Mtu asiyejua huuita D ya pili. Ukitaka kujua senti ni ya namna gani, ipime: ya shaba ina uzito wa gramu 3.1 hivi, ya zinki ina gramu 2.5.

Na usisahau mapigo ya duniani. Sarafu hutembea miaka mingi, hugongwa na funguo, hukanyagwa, huanguka juu ya mawe. Herufi iliyogongwa husogea. Na nakusihi, usiisugue sarafu kwa majivu wala kwa ndimu ili uone vizuri. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani, na mikwaruzo yako mwenyewe itaongeza mashaka.

SASA SENTI YA KIJANA

Nilimwambia kijana, "Mwanangu, senti uliyoambiwa ipo kweli. Rafiki yako hakuzua."

Macho yake yakang'aa. Nikaendelea kumweleza. Ipo senti ya mwaka 1969 ya San Francisco ambayo ni mashuhuri mno. Ule mwaka, pamoja na maneno yaliyo upande wa sura ya Lincoln, ni mawili mawili waziwazi. Kosa lake ni la kalibu, ila ni kosa la namna nyingine kabisa. Nilisema kwamba picha yote huingizwa katika muhuri kwa kukandamizwa na chuma kikubwa. Wakati ule kukandamiza mara moja hakukutosha. Ilibidi kurudia, na katikati chuma kilipashwa moto kilainike. Mara ya pili muhuri ule haukukaa sawasawa na mara ya kwanza, basi picha ikaingia mara mbili.

"Sasa niambie," nikamwuliza, "herufi S ilitiwa lini?"

Akafikiri. "Ulisema mwishoni, Mzee. Kwa mkono."

"Vema. Picha ilipoingia mara mbili, S ilikuwa imo?"

Akanyamaza. Akachukua kioo mwenyewe, akainama chini ya taa. Nilimwacha atazame. Katika senti ya kweli, mwaka ni miwili na maneno ni mawili, lakini S ni moja, safi, maana ilikuja baada ya kosa. Katika senti yake S nayo ilikuwa imesukumwa upande ule ule kama tarakimu, bapa, kama kidato cha ngazi. Kitu kilichougusa mwaka kiliigusa na S pia, na hicho hakiwezi kuwa kingine ila pigo la mashine, siku sarafu ilipozaliwa. Senti za namna hiyo za mwaka 1969 ni nyingi, na zimewavunja moyo watu wengi huko huko Marekani.

Mwishowe akaweka kioo chini. "Basi ni senti moja tu," akasema.

"Ni senti moja tu."

Akaugusa mfuko wake wa pili, kama mtu anayehakikisha kwamba mtoto aliyelala bado yupo.

Sikumcheka, wala sina haki ya kumcheka. Miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilinunua sarafu ya senti tano ya mwaka 1949 ya Denver, nikiamini kwamba ina S chini ya D. Aina hiyo ipo kweli. Nilitoa fedha ambazo zingetosha kuezeka jiko letu. Nilipofika nyumbani nikaitazama kwa utulivu, nikaona D imekonda na kando yake pana ukanda bapa unaometa. Mke wangu hakusema neno. Mvua iliponyesha alisogeza tu sufuria mahali paa lilipovuja, akaniangalia.

Lakini hasara ile siyo iliyoniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni wazo lililonijia siku ya pili yake. Nilimjua bwana mmoja aliyependa sarafu, tena hakuwa na kioo. Nilijisemea, "Mimi niliambiwa ni ya kweli, nami nitamwambia hivyo hivyo. Si uongo, ni kurudia nilichosikia." Nilivaa hata viatu nimwendee. Njiani nikasimama. Jana ningeweza kusema nimesikia. Leo nilikwisha kuona. Aliyeuza bila kujua alikosea. Mimi ningeuza nikijua, na hilo lina jina jingine. Nikarudi nyumbani, nikaifunga sarafu ile katika karatasi, nikaandika juu yake neno moja: MASHINE. Mpaka leo ninayo, na nimewafundishia vijana wengi. Labda ndiyo kazi iliyoniletea.

Kijana yule akaondoka. Asubuhi alipitia kwangu akanionyesha risiti ya shule, akaenda zake mbio.

Jioni ile ile akarudi, safari hii pamoja na rafiki yake mwenye mkebe. Rafiki alikuwa amenuna. "Mzee," alisema baada ya salamu, "umeniharibia biashara." Sikubishana naye. Nilimpa kioo, nikamwekea mezani senti yake na ile sarafu yangu ya mwaka 1949. Akatazama moja, akatazama ya pili, akarudia ya kwanza. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Na hizi nyingine je?"

Tukamwaga mkebe wote mezani. Tulizipanga kwa miaka, tukazitazama moja moja, kijana anataja mwaka, rafiki anatazama herufi. Nyingi hazikuwa na neno. Tatu zilikuwa na ngazi ya mashine, na rafiki mwenyewe ndiye aliyezitambua na kuziweka kando. Kisha akaishika senti moja ya mwaka 1960 ya Denver, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Mzee, hii haimeti," akasema. "Na hapa penye pembe ya D pamegawanyika. Kama mkia wa ndege."

Nikaichukua. D ilikuwa nzima, nene, yenye kijipengo nchani, na juu yake ukingo wa D nyingine, wa mviringo kama ya kwanza. Mwaka ulikuwa safi. Ilikuwa kazi ya fundi wa Philadelphia aliyepiga nyundo mara mbili, zaidi ya miaka sitini iliyopita.

"Ni mali?" wakauliza wote wawili pamoja.

Nikawaambia kweli yake. D mbili za mwaka 1960 zipo za aina nyingi, na kwa kawaida ndogo kama hii mkusanyaji huitolea dola chache tu. Si bei ya ng'ombe, wala si bei ya mbuzi. Wakacheka. Rafiki akaifunga katika karatasi, akaomba kalamu. Akaandika mwaka, akaandika D, kisha akaandika neno moja: KWELI.

Basi, wasomaji wapenzi, mtu akikuletea sarafu yenye herufi mbili, usimtukane wala usimwamini upesi. Omba usiku mmoja, taa moja na kioo. Jiulize swali hili: kosa hili limo katika kalibu, au ni mkono uliotikisika? Herufi imeongezwa, au imekwaruzwa? Kama huwezi kujibu, mwulize ajuaye kabla fedha haijatoka mfukoni. Kuuliza si ujinga. Na fedha ya ada, ya dawa na ya chakula isikae kamwe katika mfuko mmoja na fedha ya kubahatisha.

Mwenye mkebe nyumbani na autazame juma hili pamoja na watoto. Hata msipopata kitu, mtakuwa mmejifunza kutazama. Tukutane juma lijalo, tukijaliwa.